Hendeli ya Nestori

Jambo hili lilimpata jirani yetu Bazilio, fundi wa injini, na kama ungemjua zamani usingemdhania kuwa mtu wa kuogopa. Ilikuwa asubuhi njema ya mwezi wa tano, pale Muyama. Alifika kwa Epifania na mfuko wake wa spana, akasalimu, "Mwakeye, mama," akapewa uji, akanywa kikombe kizima huku akiusifu.

Epifania alikuwa mjane wa siku tano. Mumewe, Nestori, alimwachia watoto sita, ulezi uliorundikwa uani, na mashine kuukuu ya kuupura, yenye injini ya dizeli iliyomzidi Bazilio umri. Upande wa Burundi wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Masuke yale yakiloa yangeota palepale, na nyumba ile ingelala njaa mpaka msimu mwingine.

Shida ilikuwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mpaka iwake. Kwa ukoo wa Nestori, chombo cha kazi cha marehemu hulazwa juu ya kaburi lake mpaka matanga yaondolewe. Mkulima hulaziwa jembe. Nestori alilaziwa hendeli, na injini ile haikukubali nyingine.

"Matanga bado siku tatu," Epifania alinong'ona. "Nestori mwenyewe alisema, atakayeishika kabla ya hapo ndiye atakayeizungusha daima."

"Mvua haisubiri matanga, mama. Na Nestori huko aliko hana ulezi wa kupura."

Bazilio alicheka peke yake. Akaenda nyuma ya migomba, akaiokota hendeli kaburini, akaifuta udongo kwenye suruali. Kiburi si maungwana, lakini nani angemwambia?

Alizungusha mpaka jasho likamchuruzika. Injini ikakohoa, ikazima. Akafungua mpira wa dizeli, akatoa upepo. Ikakohoa tena, ikazima. Mwisho akaifungua nozeli, ile ncha inayonyunyizia mafuta ndani ya injini, akaiweka kiganjani aisafishe. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, kuku wakidonoa pembeni.

Gurudumu likazunguka.

Taratibu. Mara moja. Mara mbili. Hakuna aliyeligusa. Kuku wakatawanyika.

Injini ikawaka.

Bazilio alitazama kiganja chake. Nozeli ilikuwa bado imo. Injini haikuwa na pa kupatia mafuta, nayo ilinguruma. Mkanda ukakaza, mashine ikaanza kupura hewa. Epifania akaanza kuilisha masuke huku machozi yakimtoka, maana watoto ni watoto.

"Bazilio," alisema bila kuinua uso. "Usigeuke. Yuko nyuma yako."

Hakugeuka. Alisikia kikohozi kikavu cha mtu aliyezoea vumbi la ulezi, karibu kabisa na sikio. Kisha harufu ya udongo mbichi.

Suke la mwisho lilipoingia, injini ilizima yenyewe. Wakaingiza ulezi ndani mbio mbio, na mvua ikashuka. Hakuna punje iliyoloa.

Bazilio aliirudisha hendeli kaburini mvua ikimpiga. Aliididimiza kwenye tope kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa Kiha na kwa Kiswahili, mpaka maneno yakamwishia. Epifania alimfungia mfuko wa ulezi kwa shukrani, naye Bazilio akaupakia kwenye pikipiki yake, akaenda zake bila kutazama nyuma.

Jioni mkewe, Aline, alitia mkono ndani ya mfuko achote wa uji. Akautoa haraka, akipuliza vidole, akamwita Mungu wake kwa Kiha.

"Yoo, Mana yanje! Umeweka nini humu? Kinaunguza!"

Bazilio akaumwaga ulezi mkekani. Hendeli ikaanguka katikati yake. Tope bichi lilikuwa bado limeshika mpini, na chuma kilikuwa cha moto, kama kilichotoka kazini sasa hivi.

"Usiishike," Aline alinong'ona, akimvuta shati.

Lakini mkono wa kulia wa Bazilio ulikuwa umeshaishika, na ulikuwa unazungusha.