Saa Elfu Moja za Tanuri

Asubuhi ya Jumatatu watu walijazana mbele ya lifti ya jengo la ghorofa saba, kila mtu na kiwiko chake. Katikati yao alisimama mwanamke mmoja aliyevaa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka, amekumbatia kiboksi kama aliyebeba mayai. Mlango ulipofunguka, lifti haikuwepo. Kilichotokeza usawa wa miguu yao kilikuwa kichwa cha mwanamume, grisi imemchafua shavu.

"Samahanini wote," kichwa kikasema. "Pandeni ngazi leo, mtanishukuru uzeeni."

Watu waliguna wakatawanyika. Mwanamke alibaki.

"Mimi nina mzigo."

"Huo? Mbona paka wangu ana uzito zaidi!"

"Ni kauri. Ngumu kuliko chuma, lakini ukiiangusha inavunjika."

"Basi kuna watu nawajua wanafanana nayo," Fundi alisema. Alipanda, akajifuta mikono, akambebea kiboksi mpaka ghorofa ya tano.

Huko juu ndiko mwanamke yule, Mpimaji, alikokuwa na maabara yake: chumba kimoja, tanuri moja, dirisha linalotazama ukuta. Kazi yake ilikuwa kulaza mche wa kauri, mrefu kama kidole, juu ya vishikizo viwili ndani ya tanuri, kuubebesha uzito katikati, na kuuchoma kwa digrii elfu moja na mia nne kwa saa elfu moja bila kuzima. Hizo ni siku arobaini na mbili. Watu wanajua kauri haipindi, huvunjika tu. Mpimaji alijua kwamba kwenye moto wa namna ile hupinda, polepole mno, na yeye alikaa pale kuangalia mshale wa kipimo ukijongea. Jioni alirudi kwenye nyumba yenye meza moja na kiti kimoja. Alikuwa mpweke, na alikuwa ameshazoea, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kila Jumapili mama yake alimpigia simu. "Mwanangu, hilo jiwe litaniletea wajukuu?"

Lakini tangu siku ile ya ngazi Fundi alizidi kupita ghorofa ya tano, wakapendana, na sasa ikawa simu yake inalia kila asubuhi.

"Mpenzi, mche wetu umeamkaje?"

"Umepinda nusu ya unene wa unywele."

"Na wewe je?"

"Mimi bado," alijibu, na akacheka peke yake barabarani hadi wapita njia wakageuka. Wiki ile alinunua kiti cha pili.

Siku ya thelathini na nane lifti iligoma tena. Fundi alikuja bila kumwambia, akitaka kumshtukiza kwa chai. Kabla ya kugusa mitambo alizima swichi kuu, kama kila fundi mwangalifu afanyavyo. Hakujua kwamba waliojenga jengo lile waliunganisha lifti na maabara kwenye swichi moja.

Alipofika juu na chupa ya chai, tanuri lilikuwa kimya.

"Siku thelathini na nane!" Mpimaji alisema. "Zote zimekwenda na maji!"

"Nisamehe, mpenzi. Sikujua. Lakini si ni jiwe tu, utachoma jingine?"

"Na wewe si ni fundi lifti tu?"

Fundi aliweka chupa mezani. Aliteremka kwa ngazi, akasahau hata ufunguo wake wa milango ya lifti. Mpimaji aliutia kwenye droo, akaweka mche mpya, akaanza kuhesabu upya.

Simu ya asubuhi haikulia tena. Wiki ya pili aliripoti kwamba lifti ni mbovu, na haikuwa mbovu hata kidogo. Akaja mzee mmoja, akaipanda juu na chini mara tatu.

"Binti, lifti nzima hii. Kama unamtafuta yule mwenzangu, aliomba uhamisho. Yuko mji mwingine."

Alimwandikia: *Lile neno lilikuwa baya. Nakukosa.* Jibu halikuja. Nyumbani alikitazama kiti cha pili mpaka akakigeuzia ukutani.

Jumamosi ya mwisho, jengo likiwa tupu na mchana mkali, kipimo cha muda cha tanuri kilisoma saa mia tisa tisini na nne. Simu ikalia.

"Uko kazini?"

"Niko. Wewe uko wapi?"

"Kwenye lifti yenu. Imekwama chini kidogo ya ghorofa yako."

"Umefuata nini?"

"Kujibu ujumbe. Nilijaribu kuandika, nikafuta kila siku."

Alikimbilia mlango wa lifti, akaweka shavu kwenye mwanya. Mle ndani aliona kola ya shati jeupe, safi, bila grisi.

"Nikutoeje?"

"Mpaka swichi kuu izimwe. Usiizime! Zimebaki saa ngapi?"

"Sita."

"Nitakaa. Niliharibu mara moja, sirudii. Niongeleshe tu."

Fundi alisikia viatu vya Mpimaji vikishuka ngazi, vikienda mbali, naye akadhani ameachwa. Kisha taa ikazimika, na feni ya tanuri, ambayo haikunyamaza siku arobaini na moja, ikanyamaza.

"Umefanya nini wewe!" alipiga kelele gizani.

Viatu vilirudi. Ufunguo uliolala kwenye droo ukazunguka, mlango ukavutwa, na kichwa cha Fundi kikatokeza usawa wa miguu ya Mpimaji.

"Saa sita tu zilibaki," Fundi alisema, machozi yakimlenga. "Mche umepinda kiasi gani?"

"Sijaangalia," Mpimaji alisema, akapiga magoti na gauni lake la buluu kwenye vumbi, akampa mikono yote miwili.