Mgongo Huu Si Wangu

"Kocha, jina langu liko wapi?"

Kocha hakuinua kichwa. Alikuwa anakunja godoro la mazoezi, analikunja, analikunjua, kama mtu aliyesahau linavyokunjwa.

"Kocha, nakuuliza wewe. Karatasi imebandikwa mlangoni, ina majina sita. Langu halimo. Wamelisahau?"

"Hawajalisahau."

"Sasa?"

"Kamuulize mchumba wako."

Kishada akacheka. Alidhani ni utani. Kocha hakucheka, naye akaacha.

Kishada halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na baba yake mdogo alipokuwa na miaka sita, siku alipokutwa juu ya ukuta wa jirani anatembea kwa mikono, miguu hewani. "Huyu mtoto au kishada? Mshusheni kabla upepo haujamchukua!" Upepo ulimchukua kweli. Miaka ishirini na moja baadaye alikuwa bingwa wa taifa wa jimnastiki mara nne, na juu ya boriti, ule ubao mwembamba kama kiganja unaoinuliwa usawa wa kifua, hakuna aliyemgusa. Kwenye timu ya mashindano ya bara, kumwacha Kishada ilikuwa kama kupika bila moto.

"Kocha, sema unachokijua."

Kocha alifungua droo, akatoa bahasha kubwa.

"Daktari wa timu ameandika hufai kushindana. Uti wa mgongo una ufa. Picha ya eksirei hii hapa, ina jina lako. Kamati imekutoa jana." Sauti yake ikashuka. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii nakurusha hewani, nisijue narusha yai?"

Kishada aliikodolea macho ile bahasha. Wiki tatu zilizopita Daktari alimpiga picha hiyo mwenyewe, akamrudia na tabasamu: "Mgongo safi, mpenzi. Nenda kawararue."

Alitoka na bahasha mkononi, miguu peku, unga wa chaki bado umemganda viganjani.

Daktari alikuwa kwenye chumba cha matibabu, anapanga bandeji kabatini. Kila mtu alimwita Daktari, hata mama yake. Miaka minne nyuma, Kishada alipoanguka kutoka kwenye mabomba ya kubembea na kifundo cha mguu kikageukia kusikotakiwa, ndiye aliyefika wa kwanza kwenye godoro. Alimtibu miezi saba. Mwezi wa nane akamposa.

"Mgongo wangu una nini?"

Aliiona bahasha. Bandeji ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya kitanda.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Mgongo wangu una nini?"

"Una ufa."

"Uliniambia ni safi!"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Siku nzuri ya kuniambia nimevunjika mgongo ni ipi? Jumapili?"

"Mpenzi, ukiruka tena unaweza kupooza. Unanielewa? Kupooza! Nikusukume kwenye kiti cha magurudumu maisha yako yote?" Machozi yakamtoka. "Nilikuandikia vile kwa sababu nakupenda."

Basi Kishada akakaa. Hasira zilimshuka, hofu ikapanda mahali pake. Aligusa kiuno chake polepole, kama anagusa mtoto wa mtu mwingine. Aliruhusu Daktari amshike mabega. Kwa saa nzima aliamini.

Lakini njiani kurudi nyumbani, neno moja lilimkaa kama mfupa wa samaki kooni. *Safi.* Alilisema anacheka. Mtu anayemlilia mchumba wake aliye hatarini kupooza, alichekaje siku ile?

Kesho yake asubuhi alikwenda hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, asikojulikana na mtu. Mganga wa mifupa alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwenye mgongo huu yuko wapi?"

"Ni mimi."

Mzee alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Hebu inama, binti."

Kishada aliinama. Viganja vikatua sakafuni, kisha akapenyeza kichwa katikati ya magoti na kumwangalia mzee kutokea nyuma.

"Inuka, inuka, usinitie kizunguzungu! Binti, mwenye mgongo huu hawezi hata kujifunga kamba za viatu. Pingili zimechakaa. Huyu ni mtu mzima, ameshalea na kubeba ndoo za kutosha. Halafu nani alimpiga picha na pini kiunoni?"

"Pini gani?"

Mzee aliweka kidole. Chini pembeni, nyeupe kabisa, palikuwa na pini ya kufungia nguo.

Walimpiga picha nyingine. Mgongo wake ulitokea umenyooka kama rula, hauna hata mkwaruzo.

Kishada alikaa kwenye benchi la nje, picha mbili mapajani. Hakulia. Alihisi damu inachemka kuanzia nyayo. Pini! Aliwahi kusikia wapi habari ya pini?

Akakumbuka.

Mama yake Daktari alikuwa uani anaanua nguo, mkono mmoja kiunoni.

"Karibu, mkwe. Mbona umevimba uso? Umegombana na mwanangu?"

"Bado, mama. Naomba uangalie hii."

"Mimi nimeanza lini kusoma picha za mifupa?"

"Angalia hapa tu."

Mama aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasema polepole:

"Hiyo pini ni yangu. Si nilikuhadithia? Siku niliyopigwa picha ya mgongo, sketi ilikatika kifungo nikaishika kwa pini. Mpiga picha akanifokea, 'Mama, si nilisema utoe chuma chote?' Nikamjibu, nikiitoa sketi itaanguka, utapiga picha ya nini?" Alitaka kucheka, akaona uso wa Kishada. "Mbona ina jina lako?"

Kishada alimweleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, nguo zimemlemea mkononi. Alipomaliza, mama alizitupa zote kwenye beseni.

"Kamati inakaa lini?"

"Jumatano, saa nne. Kocha ameniombea nisikilizwe."

"Nitakuja."

"Mama, ni mwanao."

"Ndiyo. Nimemzaa, siwezi kumrudisha dukani. Wewe bado una nafasi. Lakini mgongo wangu hatauvaa kama koti la kuazima!"

Siku mbili zile Daktari alituma ujumbe kila baada ya saa chache.

"Umekula?"

"Usijikaze, pumzika. Mgongo kwanza."

"Nimeona ukumbi mzuri wa harusi. Mwezi wa kumi una nafasi."

Kishada alisoma wa mwisho mara tatu. Mwezi wa kumi. Mashindano ya bara yalikuwa mwezi wa kumi. Alijibu neno moja: "Nimeona."

Jumatano chumba cha kamati kilijaa. Meza ndefu, chupa za maji, watu saba wenye suti. Daktari aliitwa kwanza. Alisimama wima, sauti ya kitabibu kabisa.

"Waheshimiwa, inaniuma kuliko mnavyodhani. Huyu ni mchumba wangu. Lakini kiapo changu cha kazi kinanilazimisha kusema ukweli. Mgongo wake hauwezi."

"Picha hii umeipiga mwenyewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa mkono wangu."

"Ni ya mwanamichezo huyu?"

"Ni yake."

Kishada alimtazama usoni. Alikuwa amempa nafasi hadi hapo. Moyoni alikuwa akiomba, *sema, sema mwenyewe, nami nitajua la kufanya.* Hakusema.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Samahani, ngazi zenu ni nyingi."

"Mama, hiki ni kikao," mwenyekiti alisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye huo mgongo mnaoujadili."

Chumba kizima kikageuka. Mama alipita katikati ya viti hadi mezani, akachomoa pini kwenye sketi yake, akaiweka juu ya picha. Ikalingana na ile ya kwenye picha, urefu na mkunjo.

"Niliingia chumba cha picha nikiwa nayo. Kama mwanangu anabisha, abishe."

Kocha akaweka picha ya pili pembeni, yenye muhuri wa hospitali na sahihi ya yule mzee. Mwenyekiti aliziangalia zote mbili, akavua miwani.

"Daktari?"

"Niliogopa," Daktari alisema. Sauti ya kitabibu ilikuwa imekwisha. "Nilimwona akianguka. Nilisikia mfupa. Kila akipanda juu nasikia ule mlio."

"Ungeniambia!" Kishada aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mdomo ulikuwa nao! Uliutumia kuniposa!"

"Usingenisikiliza. Unasikiliza boriti tu. Na mama naye kila siku ananiuliza, harusi lini, wajukuu lini..."

"Nani?" Mama akageuka. "Mimi? Nina wajukuu watano, hawanipi usingizi! Usinisingizie mbele za watu."

"Basi ni mimi!" Daktari alipiga meza. "Nimechoka! Miaka minne nangoja. Kila mwaka kuna mashindano. Watu hata jina langu hawalijui, mimi ni mchumba wa bingwa. Nilitaka mke. Ni kosa?"

Kishada alimkaribia hadi akasikia pumzi yake.

"Ile saa nzima uliyonishika mabega, nilikuwa nawaza nitaogaje nikipooza. Nani atanivalisha nguo. Nilikuwa natetemeka mikononi mwako, nawe unajua ni uongo. Ukanibembeleza. Hilo ndilo kosa. Mengine ni ujinga tu."

Kamati haikuchukua muda. Jina lilirudi kwenye orodha. Daktari alisimamishwa kazi papo hapo, faili lake likapelekwa kwa wanaosimamia viapo vya waganga. Alitoka bila kumwangalia mama yake.

Mashindano yalipofika, Kishada alikuwa bado anawaka. Siku ya fainali ya boriti, Kocha alimshika kidevu.

"Hasira acha kwenye begi. Ule ubao hauna habari na mchumba wako."

"Nimeiacha, Kocha."

"Umeiacha wapi? Naiona hapo kwenye taya."

Alipanda. Kwenye mruko wa pili wa kinyumenyume mguu wa kushoto ulitua ukingoni. Ukumbi ukashika pumzi. Aliyumba, mkono mmoja juu, nyonga imetoka nje ya ubao, na kwa muda wa kupepesa jicho alikuwa anaanguka. Hakuanguka. Alijirudisha kwa nguvu ya tumbo na ukaidi, akamaliza, akaruka mizunguko miwili, akatua miguu pamoja na haikusogea hata kidole. Majaji walimkata alama kwa ule mtetereko. Hata hivyo alimpita wa pili kwa sehemu tatu za mia za alama. Dhahabu.

Kocha alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mama yake Daktari, aliyesafiri kuja kutazama, alikuwa anamfokea mtu wa mbele yake akae chini.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu yake ikatikisika.

"Nimekuangalia mwanzo hadi mwisho. Hongera. Nisamehe. Naweza kukupigia?"

Kishada akapiga yeye.

"Haloo? Mpenzi?"

"Nina swali moja. Yale uliyotaka kuniambia kabla hujachukua picha ya mama yako, yaseme sasa. Kama mtu anamwambia mtu."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Naogopa ukiruka. Nataka uache mchezo. Nataka tuoane mwaka huu."

"Umeona? Hayakuchukua hata dakika."

"Na ungenijibu nini?"

Kishada alifumba macho.

"Ningekujibu ndiyo. Nilishamwambia Kocha tangu mwanzo wa mwaka kwamba mashindano haya ni ya mwisho. Nilitaka kukupa habari hiyo leo, nikishuka kwenye boriti. Harusi ungechagua tarehe wewe."

Alisikia pumzi yake ikikatika kwenye simu. Kisha kilio cha mwanaume asiyezoea kulia.

"Na sasa? Niambie, Kishada. Na sasa?"

"Sasa naacha, kama nilivyopanga," alisema. "Ila si mchezo ninaouacha."

Akakata simu, akavaa viatu, akatoka kwenda kupokea medali yake.