Namba PK-7719

Hilux nyeupe ilikata kona ya soko la Mangobo bila kupiga honi.

Mama mmoja muuza pondu, majani ya muhogo, aliruka pembeni na beseni lake kichwani. Beseni halikuanguka.

"Ezéchiel, usimupoteze," alisema Fortunée.

"Yaya, hii iko TVS, haiko avion," alijibu Ezéchiel, akimwita yaya, dada mkubwa, kama kawaida.

Pikipiki ilipita kati ya mafungu ya ndizi, ikapanda juu ya mfereji, ikateremka tena. Fortunée Kahindo alikaa nyuma, jaketi la jinzi, bastola ya Browning kiunoni, spika ya Motorola sikioni. Mgongoni alibeba kompyuta yake ya ThinkPad ndani ya begi la shule. Majirani walimjua kama fundi wa tovuti, yule dada ambaye mashine zake zinaunguruma chumbani kutwa. Ni watu wanne tu Kisangani nzima waliojua kwamba alikuwa jasusi wa Ofisi ya Tano. Ezéchiel alikuwa mmoja wao.

Habari zilisema Hilux imebeba katoni mia moja na arobaini za dawa bandia ya malaria. Zilikuwa zipakiwe asubuhi hiyo kwenye baleinière, yale maboti marefu ya mbao, ziteremke mto hadi Barumbu na mbele zaidi. Ndani ya vidonge hivyo hamna kitu ila chaki na rangi ya manjano. Mgonjwa anavimeza, anasubiri kupona, anakufa akisubiri.

Fortunée hakuhitaji kuelezwa. Julie, mdogo wake wa pekee, alikufa hivyo wiki saba zilizopita.

Mbele, kundi la toleka, wale waendesha teksi za baiskeli, liliziba barabara. Hilux ikafunga breki. Ezéchiel akaizunguka na kusimama mbele ya bampa. Fortunée alikuwa ameshuka kabla pikipiki haijatulia.

"Shuka."

Dereva alishuka taratibu, anatabasamu. Aliitwa Émile, na alikuwa mkono wa kulia wa Drenik, mgeni aliyeleta dawa hizo.

Fortunée alivuta turubai.

Kwanga. Mikate ya muhogo tupu, imefungwa kwenye majani yake, kuanzia chini hadi juu.

"Kama iko na njaa, madame, ungeomba tu," alisema Émile.

Ilikuwa chambo, na alikuwa amekimeza mzima mzima. Redio ikakwaruza sikioni.

"Saa kwa Sindano. Umepata?"

"Sindano kwa Saa. Ni kwanga."

Redio ikakwaruza tena.

"Umuache aende. Wacha ajisifu kwa patron yake. We kuya kwangu, mbio."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Sindano ni jina la kazi la Fortunée; Saa ni la Papa Rashidi, mkuu wa Ofisi ya Tano mjini, fundi wa saa kama baba yake na babu yake. Duka lake Makiso lina upana wa mlango mmoja. Fortunée alimkuta na lenzi jichoni na simu ya Tecno mkononi.

"Bon. Tumejua sasa namna wanafanyaka," alisema. "Bintu haiko kwa motokari. Usiku mbili zimepita waligawa katoni kwa batoleka arobaini. Kila mutu tatu ao ine, chini ya makala ya kupikia. Wanasubiri. Saa ine juste, kila mutu anafungua ukurasa moja, anaweka neno ya siri, anaona jina ya beach."

Beach, Kisangani, ni gati la mtu binafsi, na kingo za mto zimejaa magati hayo.

"Beach gani?"

"Njo hapo shida iko. Ukurasa iko tupu mupaka saa ine. Na mi niko na batu tisa."

"Huo ukurasa, nionyeshe."

Alimpa Tecno. Fortunée alitazama, akaileta karibu na macho.

Aliijua ile rangi ya kijani. Aliichagua mwenyewe.

Jambo hili linahitaji kuelezwa, na mimi nikilieleza nakasirika. Mwaka uliopita Fortunée alifungua ukurasa uitwao DawaKweli kwenye jukwaa moja kubwa la mtandaoni, ambalo jina lake silitaji kwa sababu halistahili wino wangu. Mtu alikuwa anaandika namba iliyo kwenye paketi ya dawa, ukurasa unamjibu kama ni nzima au bandia. Hakuna aliyejua mwenye ukurasa ni nani. Kazi ya siri ni kazi ya siri, hata Julie hakuambiwa. Namba PK-7719 iliwekwa kwenye orodha nyekundu siku ya kwanza ilipoonekana sokoni.

Siku mbili baadaye, akaunti mia tatu za uongo zilimshtaki kwamba anauza dawa hatari. Jukwaa likamfungia.

Fortunée alikata rufaa. Mashine ikajibu: "Tumepitia ombi lako. Uamuzi huu ni wa mwisho."

Akafanya majaribio. Alifungua akaunti ya pili, ikadumu saa nne. Akajenga tovuti yake mwenyewe kwenye seva ya chumbani, jukwaa likazuia kiungo chake likisema ni hatari kwa jamii. Akaandika namba za bandia juu ya picha za samaki, zikafutwa. Akazisoma kwa sauti, akaambiwa sauti yake inakiuka kanuni. Alijaribu mara kumi na moja na kila jaribio aliliandika daftarini kwa kalamu ya bluu. Rufaa sita. Jibu lilikuwa lile lile, neno kwa neno. Ukitaka kumtia mwanadamu wazimu, usimpige, mpe mashine inayomshukuru kwa uvumilivu wake.

Katika siku hizo Julie alipata homa. Fortunée alikuwa kazini msituni Masako, simu imezimwa kwa amri. Aliporudi alimkuta mdogo wake tayari amefunikwa shuka. Mezani palikuwa na paketi ya PK-7719, imebaki na vidonge viwili.

Na sasa tovuti yake ilikuwa hapa, nzima, imeongezwa neno Plus. Drenik alikuwa ameiba kila kitu. Zaidi ya hapo, jukwaa lilikuwa limempa alama ya bluu ya mtu wa kuaminika na wafuasi elfu arobaini. Fortunée aliandika PK-7719. Ukurasa ukajibu kwa kijani: DAWA SALAMA.

"Mnyama huyu," alisema polepole.

"Fortunée. Utulie."

Hakutulia. Alifungua ThinkPad juu ya meza ya saa, akasukuma mbali mkasi mdogo na springi za saa, akaita matumbo ya ule ukurasa: mistari ya maandishi ambayo msomaji haoni. Aliteremka. Mistari yake. Mistari yake. Mistari yake.

Kisha akacheka, na Papa Rashidi akatoa lenzi jichoni.

"Nini?"

"Mwizi mvivu, Papa. Amenakili nyumba yote, lakini umeme anavuta kwangu." Aligonga kioo. "Unaona huu mstari? Ukurasa wake unaendeshwa na faili moja. Hakulibeba. Kila mtu akifungua, ukurasa unakuja kuliomba kwenye seva yangu, chumbani kwangu."

"Donc?"

"Donc, kwa hiyo, nikibadilisha faili langu, batoleka arobaini watasoma kitu nitaandika mimi."

Papa Rashidi aliangalia saa ukutani. Zilikuwa kumi na saba, na zote zilisema saa tatu na dakika arobaini na moja.

"Ufanye," alisema. "Lakini unisikilize muzuri. Drenik iko na pasipoti ya inje. Tukimupata bila bintu, kesho anapanda avion. Tukipata bintu bila mudomo yake, atasema ni ya Émile. Nataka bintu na nataka aseme. Usimuue."

"Alimuua Julie."

"Najua. Nilibeba sanduku na wenzangu."

Fortunée alishusha macho, akaanza kuandika. Hasira ile ilikuwa na wiki saba na ilishapoa ikawa kitu kigumu. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano, Drenik aliingiza jina la gati lake. Faili likamletea Fortunée kwanza: Beach Annette. Alilifuta, akaandika Beach Viviane, kwa mama aliyekuwa askari wa mtoni kabla ya kustaafu, mwenye ua wenye ukuta mrefu na mlango mmoja tu.

Saa nne kamili.

Katika barabara za Mangobo, Tshopo na Kabondo, watu arobaini walitazama simu zao, wakapanda baiskeli, wakaenda kujikabidhi wenyewe.

"Sindano kwa Saa," alisema Fortunée, tayari nyuma ya pikipiki. "Watu tisa, Beach Viviane."

"Na wewe?"

"Naenda Beach Annette. Nitamfanya aseme."

Papa Rashidi alikata mawasiliano. Kwake hilo lilikuwa ruhusa.

Baleinière ilifungwa kwa kamba mbili, injini inanguruma. Ezéchiel alimshughulikia mlinzi wa gatini kwa kumwomba moto wa sigara, kisha kwa kumpiga kichwa. Fortunée alipita juu ya ubao, Browning imeshushwa pajani.

Drenik alikaa chini ya kivuli cha turubai, amejifunika koti kwenye joto lile. Jasho lilimtiririka na meno yaligongana. Mbu wa Tshopo hawaulizi pasipoti. Alikuwa anaongea na simu kwa Kiswahili chake kibovu.

"Émile, bintu iko wapi? Saa ine na nusu! Nani amesema Viviane? Mi niliandika Annette!"

"Ni mimi niliandika," alisema Fortunée.

Alimnyang'anya simu, akaitupa mtoni. Mkono wa Drenik ulikwenda kwenye begi. Fortunée alipiga risasi moja na begi likaruka, halafu mdomo wa bastola ukatua katikati ya macho yake.

Nisiseme uongo. Alitaka kumuua. Kidole kilikuwa kimeshakula nusu ya safari. Alimwona Julie chini ya shuka, akaona jinsi ingekuwa rahisi, na akaona pia kwamba huyu angekufa bila mtu kujua alikuwa nani. Akaondoa kidole.

Alisimamisha simu yake juu ya pipa la mafuta, kamera inawatazama wote wawili. Aligusa kioo mara moja.

Begi lililopasuka lilikuwa limemwaga paketi mbili. Moja ilitoka duka la dawa la nchini kwake Drenik, dawa halisi ya malaria, kamili, na muhuri wake. Nyingine ilikuwa sampuli ya mzigo: PK-7719. Fortunée alitoa vidonge vinne vya manjano, akaviweka kwenye kiganja cha Drenik.

"Iko na malaria. Kunywa."

"Ile nyingine," alisema Drenik. "Nipe ile nyingine, tafadhali."

"Kwa nini? Ukurasa wako unasema hii iko salama. Elfu arobaini wanakuamini."

"Madame, niko mugonjwa sana."

"Njo maana kunywa. Mdogo wangu alikunywa."

Homa ilikuwa imemwondolea ujanja wote. Alivitupa vile vidonge sakafuni.

"Ni chaki!" alisema. "Mi najua, ni mi nilifanyisha. Ni chaki tu, haiponyeshe mutu! Nipe dawa yangu."

Fortunée aliinua simu, akamgeuzia kioo. Juu kulikuwa na alama ya bluu na jina la DawaKweli Plus. Chini yake alikuwepo Drenik mwenyewe, mubashara, jasho usoni, na maoni ya watu yalipanda kwa kasi hata hayasomeki. Faili lilikuwa limefanya kazi yake ya pili: kurusha video ya simu ya Fortunée kwenye ukurasa wa Drenik.

Drenik aliikodolea macho alama yake ya bluu.

"Niko na ubalozi," alisema. "Niko na haki. Nitakata rufaa."

"Tumepitia ombi lako," alisema Fortunée. "Uamuzi huu ni wa mwisho."

Kisha alimrushia paketi ya dawa nzima mapajani. Alimtaka apone. Alimtaka awe na nguvu za kutosha kukaa gerezani miaka yote watakayompa.

Redio ikakwaruza.

"Saa kwa Sindano. Katoni mia moja na makumi ine, zote. Émile pia alifika, alifuata batoleka. Batoleka wanasema waliambiwa ni chumvi. Na yule?"

"Anapumua. Amesema."

"Tumeona. Mutaa muzima umeona. Rudi nyumbani, mwanangu."

Alimwachia Ezéchiel kazi ya pingu. Alirudisha Browning kiunoni, akatembea juu ya ubao bila kugeuka, akaelekea barabarani ambako toleka mmoja asiye na makaa alikuwa anasubiri abiria. Simu ikalia mkononi.

Lilikuwa jukwaa. "Tumepitia tena rufaa yako. Hatukuona kosa. Ukurasa wako wa DawaKweli umerudishwa. Asante kwa uvumilivu wako."

Fortunée alisimama katikati ya njia. Ukurasa ulifunguka, kijani kile kile, na sanduku la ujumbe likaanza kujaa maswali yaliyotumwa na kukwama wiki zote ambazo ukurasa ulifungwa. Aliteremka hadi la zamani kuliko yote. Picha ya aliyeandika aliifahamu kabla ya kusoma jina.

"Bonjour. Sijui we iko nani, papa ao mama, lakini niliaminiaka ukurasa yako. Niko na homa na yaya yangu hapokei telefone. Namba ni PK-7719. Iko muzuri? Nitangojea kwanza jibu yako mbele ya kukunywa."

Chini yake, saa tisa baadaye: "Sawa. Nakunywa tu."

Toleka aligonga kengele.

"Madame, tunaenda?"

"Ngojea kidogo."

Aliandika: Hapana, Julie. Usikunywe. Ni mimi yaya.

Akatuma. Akaweka simu mfukoni, akapanda nyuma ya baiskeli, akamwambia aende.