Atembee au Atembelewe

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda cha mkonge hakijalia, Aoko alikuwa ameshachota maji ndebe mbili, amefagia uwanja na kuinjika uji. Kisha kazi yake halisi ilianza. Huyu alimletea barua amsomee, yule alitaka amwandikie mjomba wake, na mwingine alitaka asaidiwe kugombana na karani wa shamba kwa Kiswahili chenye heshima.

Ulikuwa mwaka 1958, katika shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika. Wafanyakazi waliishi katika nyumba za mabati zilizopangwa safu moja, wakaziita laini. Wengi walitoka Nyanza, kama wazazi wa Aoko, na wengine walikuwa Wakikuyu na Wakamba. Aoko alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mtu yeyote pale. Akipita, wazee walisema, "Mkalimani huyo anapita." Naye aliinua kidevu juu sana, hata siku moja akanaswa shingo na kamba ya nguo ya jirani.

Mwaka huo mama yake, Selpha, alipatikana na saratani katika mji wa mimba. Madaktari wa hospitali kubwa ya Nairobi walimpasua, wakautoa mji wa mimba pamoja na uvimbe wote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya majuma mawili baba yake, Nicanor, akapata ruhusa ya siku moja, akapanda gari la moshi pamoja na Aoko kwenda kumchukua mgonjwa.

Kiswahili cha Nicanor kilitosha kuagiza chumvi na kutukana mashine ya kusaga mkonge, hakikuzidi hapo, na cha Selpha hakikufika hata hapo. Kwa hiyo alimsukuma binti yake mbele. "Sikiliza wewe. Mimi nitabeba mizigo."

Muuguzi aliyewaaga aliitwa Sista Warigia, mwanamke mwembamba aliyesema haraka kama cherehani. Alianza kueleza jinsi ya kumtunza Selpha nyumbani. Aoko alisikiliza vizuri sana, kwa muda wa kama pumzi tatu. Hapo akaingia mzee mmoja amefunga koti lake hadi shingoni, akaenda kitanda cha pili. Koti lile lilikuwa linalia ko, ko, ko. Kati ya kifungo cha pili na cha tatu kikachomoza kichwa cha kuku.

"Nyamaza wewe," mzee aliliambia koti.

"Baba Ndung'u," mkewe alinong'ona kutoka kitandani, "nilikuambia supu. Sikukuambia kuku mzima."

Masikio ya Aoko yalibaki kwa Sista, lakini macho na akili vilihamia kwenye koti. Alisikia maneno nusunusu: "...tembe... mara sita kwa siku... msimwache tu kitandani." Aliona pia, kwa pembe ya jicho, Sista akipitisha vidole viwili juu ya kiganja chake, kimoja mbele, kimoja nyuma.

"Umeelewa? Una swali?" Sista aliuliza.

Mkalimani atauliza swali kweli? "Sina, Sista."

Ndani ya gari la moshi Nicanor akauliza, "Haya, amesema nini?"

Aoko aliyashona yale maneno nusunusu yakawa kitu kizima. "Amesema mama atembelewe mara sita kwa siku. Asiachwe peke yake kitandani."

Nicanor alitafakari mpaka gari likafika Ruiru. "Mara sita," alisema. "Dawa nzuri hiyo. Haina uchungu hata kidogo."

Nicanor alikuwa mtu wa kufuata amri. Siku ileile alichukua chaki akaandika zamu za wageni mlangoni, sita kwa kila siku. Msimamizi wao akawa jirani yao Benta, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba akiimba pale Ruiru, watu wa Thika waliitikia.

Basi wageni walikuja. Walileta mayai, njugu, ndizi na samaki mkavu. Walimiminika hata kizingiti kikaanza kulika. Kila mmoja aliingia akisema, "Usiinuke, Min Aoko," yaani Mama Aoko kwa Kijaluo. Selpha akinyoosha mguu, mikono mitatu iliurudisha chini ya blanketi. Akitaka kwenda msalani, Benta alileta chombo. "Choo kitakufuata wewe, mgonjwa wetu. Tulia." Selpha alicheka na kutulia. Hakuwahi kupendwa hivyo tangu siku ya harusi.

Siku ya sita, kabla ya wageni wa asubuhi, alimwita Aoko. "Nyathina, mwanangu, mguu huu wa kushoto umekuwa mzito kama gogo. Hapa nyuma, kwenye shavu la mguu, unakaza."

Aoko alitazama mguu wa mama yake, kisha akakumbuka vile vidole viwili juu ya kiganja cha Sista. Vidole vile havikutembelewa na mtu. Vidole vile vilikuwa vinatembea.

Sista hakusema atembelewe. Alisema atembee.

Njia ya kujificha ilikuwepo. Angeweza kusema Sista ametuma neno jipya, na cheo chake cha ukalimani kisipate hata mkwaruzo. Lakini kama lile neno jipya halingeaminiwa upesi? Mguu wa mama ulikuwa pale mbele yake, mzito, na yeye hakujua hatari yake ni kubwa kiasi gani. Alitoka nje. Baba yake alikuwa mlangoni na chaki mkononi, na Benta alikuwa akiwasili na sufuria ya mchuzi.

"Baba, nilikosea. Sista alisema mama atembee. Mimi sikusikia vizuri, na nikasema nimesikia."

Chaki ilisimama hewani. "Hukusikia kwa nini?"

"Nilikuwa natazama kuku ndani ya koti."

"Koti la nani?" Benta aliuliza.

"Benta, mwache huyo kuku kwanza," Nicanor alisema. Hakumgombeza mtoto. Alitupa chaki, akaenda mbio hadi zahanati ya shamba, akarudi na Kagwe, dresa wao aliyetibu wagonjwa wa shamba.

Kagwe aligusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Alizungushia kamba shavu la mguu wa kushoto, kisha la kulia, akilinganisha unene.

"Iko sawa," alisema mwishowe. "Haijavimba, haina joto, haijawa myekundu. Lakini mlikuwa mnacheza na moto. Mtu akipasuliwa tumboni, tena kwa saratani, damu yake huwa rahisi kuganda. Asiposogeza miguu, damu hulala humu kama maji ya mtaro ulioziba. Huganda ikawa donge. Donge likikatika hupanda hadi mapafuni, na mtu anaweza kufa kabla hamjapata lori."

"Kwa hiyo upendo wetu ulikuwa unamuua?" Benta aliuliza polepole.

"Upendo wenu ni mzuri, mama. Umekaa tu kwa muda mrefu."

Kagwe alikwenda ofisini akapiga simu hospitalini ili pasiwe na kubahatisha tena. Alirudi akicheka. Mama atembee mara sita kwa siku, akiwa kitandani achezeshe nyayo juu na chini, anywe maji mengi. Mguu ukivimba au ukiuma, au pumzi ikibana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. "Na Sista anauliza, hao wageni wote walikuwa wa nini?"

Zamu za mlangoni hazikufutwa. Ila sasa mgeni hakuja kukaa, alikuja kutembea. Siku ya kwanza Selpha alikwenda hadi bombani, hatua arobaini, Aoko akimshika mkono mmoja na Benta mwingine, laini nzima ikihesabu kwa sauti. Baada ya majuma matatu walikuwa wanafika kwenye njia ya reli, kundi zima linaimba, na Benta yuko nyuma anahema.

"Selpha, punguza mwendo," alilia. "Wewe ulipasuliwa, mimi nitapasuka."

Jioni moja, wakirudi wawili tu, Selpha aliuliza, "Siku ile uliogopa nini kumwambia Sista arudie?"

"Niliogopa ataona mimi si mkalimani."

"Sikiliza, nyathina. Mkalimani wa kweli huuliza mara mbili, hata mara tatu, kwa sababu anabeba maisha ya mtu mdomoni. Usiposikia, sema hukusikia. Ukikosea, sema upesi, kama ulivyosema mbele ya baba yako. Daktari aliniondolea ugonjwa, lakini miguu hii umenirudishia wewe kwa kusema kweli." Alisimama kidogo kwenye ngazi ya nyumba. "Leo tumetembea mara ngapi?"

"Sita, Mama. Umemaliza."

"Hizo sita ni za Sista," Selpha alisema, akageuka kurudi njiani. "Twende ya saba. Hii ni yangu."