Kucha ya Marehemu Mwalimu

Kucha ya kubandika haikui. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Ndiyo maana Kijiti, alipoushika mkono wa kuume wa dada yake asubuhi ile ili amsugue kucha kwa msasa kama kawaida, aliugeuza mkono kuelekea dirishani, akatazama tena. Kucha ya kidole cha pete ilikuwa imezipita nyingine. Jana yake aliziacha zote sawasawa.

"Vipi, umesinzia?" dada mtu akauliza. "Sugua, mazoezi yananisubiri."

"Dada, hii imerefuka."

"Gundi imeteleza. We sugua tu."

Kijiti akasugua. Ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ahamie kwa dada yake. Wapigaji wa gitaa wa kumbi kubwa, wale wanaokaa wima na mguu mmoja juu ya kigoda, wanadonoa nyuzi kwa kucha zao wenyewe. Kucha ikiwa na mkwaruzo, na sauti nayo inakwaruza. Kwa hiyo dada yake, ambaye magazeti yalimwita Malkia wa Nyuzi Sita, hakufua, hakuosha sufuria, wala hakufungua kopo. Majirani walisema anadeka. Kijiti aliwajibu, "Nyie mnakula kwa mikono, yeye anakula kwa kucha."

Unga wa kucha ukamwangukia mapajani. Kucha yoyote hunuka kidogo ikisuguliwa, lakini huu ulinuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Na kucha yenyewe haikuwa ya dada yake. Lilikuwa limekaribia onyesho alilolisubiri maisha yake yote, apige katika ukumbi mkuu na okestra nzima nyuma yake, huku wageni kutoka ng'ambo wakimsikiliza ili wamchukue azunguke nao dunia. Basi juzi yake, shetani gani sijui, kidole kikanaswa na kitasa cha mlango wa bafu, kucha ikakatika mpaka kwenye nyama. Alilia kama aliyefiwa.

Wapigaji hujiwekea akiba ya vipande vya kucha zao kwa ajili ya balaa kama hilo. Ila kwenye akiba yake vilibaki vifupi tupu. Ndipo akalikumbuka kasha la gitaa aliloachiwa na Mwalimu wake, aliyefariki mwaka uliopita. Katika mfuko wa kasha mlikuwa na kibati, na ndani ya kibati kucha moja tu, nzima, nene, ya rangi ya asali.

"Dada, hiyo ni ya maiti!"

"Alipoikata alikuwa hai. Lete gundi."

Mchana, baada ya msasa ule wa asubuhi, Kijiti alikuwa akimenya vitunguu, akaachia kisu. Gitaa lililokuwa likilia sebuleni halikuwa lile alilolizoea. Dada yake alikuwa hodari, lakini huu ulikuwa uhodari mwingine. Noti zilimiminika kama mtama unaomwagika juu ya sinia, na kila punje ilisikika peke yake. Mwishoni ukaja wimbo asioujua, mtamu, wa kumbembeleza mtu alale, na ulipokaribia kuisha ukakatika.

"Mbona umeishia hapo?"

"Sijui," dada yake akajibu. Alikuwa ameubana mkono katikati ya mapaja. "Sijui hata nimeutoa wapi."

Baada ya chakula dada mtu alilala. Kijiti alipita na nguo alizoanua, akamkuta amefumba macho, mkono umening'inia nje ya kitanda. Vidole vyote vimelegea, isipokuwa cha pete. Hicho kilikuwa kikidonoa uzi uliochomoka kwenye shuka, polepole, kwa mpigo. Na kila kilipodonoa, kule sebuleni, ambako hapakuwa na mtu, gitaa liliitikia.

Nguo zikamdondoka.

"Usipige kelele," dada yake akanong'ona bila kufumbua macho. "Kikishtuka kinaniumiza."

"Dada, nini hicho?"

"Sijui. Nasikia baridi mpaka begani." Chozi likamtoka. "Lakini umesikia kinavyopiga, Kijiti? Umesikia?"

Kijiti akakimbilia kikata kucha, akaibana ile kucha ya kubandika, akakata. Dada yake akapiga ukelele. Kucha ilitoa damu. Gundi haikuwepo tena, kucha ilikuwa imeingiza mizizi ndani ya nyama, na kabla hawajamaliza kukifunga kidonda ilikuwa imerudi urefu wake uleule.

Kijiti hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane wa Mwalimu, akamkuta anafagia kibaraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Alipomsimulia, mama yule aliketi palepale chini na ufagio wake mkononi.

"Kwa hiyo imerudi kwenye kibati," akasema. "Nilipomwosha mume wangu kidole kile kilikuwa kitupu. Nikasema alhamdulillahi, imepotea. Kumbe! Hata yeye haikuwa yake. Aliikuta kwenye kasha la mwalimu wake, na huyo sijui aliipata kwa nani. Ina mwenyewe, jini. Jini lile halipendi watu, linapenda mikono yao."

"Linataka nini?"

"Kuumaliza wimbo wake. Mume wangu aliupiga maisha yake yote akijifungia chumbani, na kila siku akiukatiza. Mwisho akachoka kushindana nalo. Aliumaliza, akainamia gitaa kama aliyepitiwa na usingizi. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka."

"Dawa yake?"

"Ing'olewe na mizizi yake, tena inapoupiga wimbo huo, kwa sababu hapo ndipo jini lote linakuwa limekaa kidoleni. Wakati mwingine limetapakaa mwilini, utang'oa ganda tu. Kisha uichome moto." Akamtazama kwa huruma. "Mume wangu alinikataza. Kidole kikishang'olewa kucha hivyo hakipigi tena, mwanangu. Mwambie dada yako."

Kijiti alimwambia. Dada yake alisikiliza mpaka mwisho, akisuguasugua shingo ya gitaa.

"Baada ya onyesho," akasema.

"Dada, huenda kusiwe na baada!"

"Nimekikanyaga kigoda hiki tangu nina meno ya utoto. Wenzangu wanacheza, mimi nipo kwenye kigoda. Wenzangu wanaolewa, mimi nipo kwenye kigoda. Leo mlango umefunguka, unataka nikate mkono wa kuusukumia? Nitaubana. Sitaupiga wimbo ule."

"Na ukikushinda?"

Dada yake akarudi kukaza nyuzi. Kijiti akachukua koleo la fundi umeme wa jirani, akalifunga kwenye taulo.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Dada mtu alipiga, na okestra ikamfuata kama vifaranga na mama yao. Kijiti, nyuma ya pazia, alihesabu pumzi tu. Dada yake alipomaliza, watu walisimama. Walipiga makofi, wakapiga miguu, wakadai aongeze mmoja. Dada yake akatikisa kichwa kukataa. Lakini mkono ulikuwa umeshainuka.

Kijiti aliutambua wimbo kabla ya noti ya pili. Harufu ya udongo mbichi ikatambaa jukwaani, na wapiga fidla wakashusha pinde zao mmoja mmoja, na taa juu ya kigoda zikawa kama zimefunikwa kitambaa, na watu wote ukumbini wakaanza kuyumba taratibu kushoto na kulia na vinywa wazi, na dada yake alikuwa anatabasamu kwa midomo isiyokuwa yake huku macho, ambayo bado yalikuwa yake, yakitiririka machozi na kumtafuta mdogo wake nyuma ya pazia.

"Wewe, huku hupiti!" mwandaaji wa onyesho akamdaka mkono.

Kijiti akamuuma. Akakimbia jukwaani, akapiga magoti mbele ya gitaa.

"Ng'oa," dada yake akanong'ona. "Ng'oa, mdogo wangu, kabla sijakukatalia."

Koleo likaibana kucha. Kidole kilipambana kama samaki. Kijiti alivuta kwa mwili mzima, na kucha ikatoka na mzizi mweupe, mwembamba, mrefu kama uzi wa gitaa, uliokuwa ukija na kuja kana kwamba ulianzia begani. Wimbo ukakatika. Uzi mmoja wa gitaa nao ukakatika. Dada yake akamwangukia kifuani, mzito na wa moto, akilia kwa sauti yake mwenyewe.

Walimwingiza chumba cha nyuma. Kijiti aliichoma kucha ndani ya sahani, ikalia kidogo kama mbu, ikawa jivu. Harufu ya udongo ikaondoka. Mkono wa dada yake, kwenye bandeji, ulikuwa na joto.

"Imekwisha," Kijiti akasema. "Nisamehe, dada."

"Nisamehe mimi." Dada yake akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Halafu akayafumbua. "Nani anaimba huko nje?"

"Watu wanatoka."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, akiuimba wimbo ule puani, kama mtu anavyoondoka na wimbo uliompendeza. Akaitikiwa na mwanamume. Kisha na mtoto. Kisha ikawa korido nzima, na ngazi, na milango, mamia ya watu wakiuimba kwa vinywa vilivyofumbwa, hatua zao zikienda na mpigo wake. Walifika pale Mwalimu alipokuwa akiukatiza siku zote.

"Waambie wanyamaze!" dada mtu akapiga kelele. "Kijiti, waambie!"

Kijiti alikuwa ameshafika mlangoni. Lakini wao walipita pale, wote pamoja, bila haraka, wakaufikisha mwisho. Kukawa kimya. Na kule koridoni, ngazini na kwenye milango yote ya ukumbi, haikusikika hatua nyingine tena.