Kiti Chekundu Mlangoni

Kila asubuhi Chiriku alifagia kibaraza huku akipiga soga na bibi mmoja, jirani yao. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bibi alikuwa mshonaji. Alimjibu kutoka upande wa pili wa ukuta bila kuacha kazi, na cherehani yake ikiitikia, trrr, trrr.

Asubuhi moja Chiriku alifungua mlango, ufagio ukamponyoka. Kiti chekundu kilikuwa kimewekwa kibarazani, kimeuelekea mlango, na hakuna aliyekikalia.

"Baba! Njoo uone!"

Baba yake, fundi viatu, alitoka akiwa na kiatu mkononi. Alipokiona akasonya.

"Cha klabu yetu hicho. Kamati imekopa maspika dukani, sasa inataka wanachama tulipe. Asiyelipa anawekewa kiti mlangoni ili aaibike. Mimi ada yangu nimelipa, deni hilo silijui."

"Basi tukirudishe!"

"Kiache. Kitachoka chenyewe."

Wapi! Hakikuchoka. Majirani walivuka upande wa pili wa barabara na kumeza salamu zao. Upepo ukivuma, kilikwaruza sakafu kama mtu anayejisogeza karibu. Alfajiri moja Chiriku alikigusa kwa kidole. Lo! Kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Nywele zilimsimama, na siku hiyo Chiriku mzima hakusema neno darasani.

Maji yalipomfika shingoni, aliamka kabla ya baba yake, akakibeba kiti na kukitua mlangoni kwa bibi. "Bibi naye ni mwanachama," alijifariji. "Tena yeye haogopi kitu."

Aliporudi kutoka shule, ukuta ulikuwa kimya.

"Bibi?"

Hakuna jibu. Kesho yake pia kimya, mlango umefungwa, na kiti kiko pale pale kikiutazama. Chiriku alibandika sikio ukutani, akasikia kilio cha chinichini. Usingizi ulimpaa.

Asubuhi iliyofuata mkokoteni ulisimama nje. Cherehani ilikuwa juu yake, imefungwa kamba.

"Nauza nilipe deni, mjukuu wangu," bibi alisema, macho mekundu. "Sijawahi kudaiwa mlangoni. Aibu hii ya uzeeni siiwezi."

Hakuna aliyemwona Chiriku akikihamisha kiti. Angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini bila cherehani, bibi angekula nini?

"Bibi, usiuze! Kiti kilikuwa chetu. Nilikileta mimi!"

Mwenye mkokoteni alishusha mikono yake. Bibi alimgeukia Chiriku.

"Wewe, mjukuu wangu?"

"Niliogopa, bibi. Nisamehe."

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Kosa ni langu pia," alisema kwa huzuni. "Nilinyamaza nikamwachia mtoto woga." Akakitia kiti begani, wakaenda wote watatu klabuni.

Mwenyekiti aliwapokea chini ya maspika mapya. "Klabu ni yetu sote," alisema, "kwa hiyo deni nalo ni letu sote."

"Ngoja kwanza, mwanangu," bibi alimkatiza. "Tulipoanzisha klabu hii tulinyoosha mikono tukakubaliana: kila mtu ada yake, na hakuna kukopa bila mkutano. Ulituita lini?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. Wanachama waliokuwa pembeni wakicheza karata waliziweka chini. "Mimi nililipa kwa sababu ya hicho kiti," mmoja akanung'unika. "Hata mimi!" akadakia mwingine.

Mkutano uliitishwa, maspika yakarudishwa dukani. Waliolipa kwa woga walirudishiwa pesa zao, na kamati ikabeba hasara iliyobaki. Hakuna mlango uliowekewa kiti tena.

Bibi alikichukua kiti, akakiweka karibu na cherehani. Mara paka wake akarukia juu, akajikunja kama aliyekizoea.

"Kumbe lile joto lilikuwa lako, mshenzi wewe!" Chiriku akacheka hadi machozi.

Bibi alimsogeza paka. "Kaa hapo, mjukuu wangu."

Chiriku alisita, kisha akakaa taratibu.

"Deni ambalo hukulikubali, likatae mchana kweupe mbele ya watu," bibi alisema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Ukilikimbia kimya kimya, utamtupia mwenzako asiye na hatia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya, sasa nipe habari za shule. Siku zote hizi nimekosa mtu wa kunipigia kelele."