Mboni ya Batuli

Kundi la kwanza la heroe lilipotua nje ya ukuta wa mikoko wa Tanga, ndege warefu wenye manyoya ya waridi, taa ndogo kwenye pembe ya jicho la Saumu iliwaka buluu, ikazima. Picha ilikuwa imekwisha kupigwa. Saumu hakuinua mkono wala kubonyeza kitu, alifurahi tu.

Hiyo ndiyo mbonipicha. Ni utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unaovaliwa juu ya mboni ya jicho. Mtu akitazama kitu kwa moyo wake wote, mboni hupanuka, mapigo ya moyo hubadilika, na utando hupiga picha wenyewe. Kile ambacho moyo hautazami hutoka na ukungu. Mhandisi Shemweta aliubuni baada ya ile miaka ambayo mashine ziliweza kutengeneza picha ya jambo lolote, hata lisilowahi kutokea, mpaka watu wakaacha kuamini picha za harusi za mama zao. Picha ya mbonipicha haifutiki wala haigeuzwi, na mpigaji mwenyewe haioni mpaka siku itakapofunguliwa mbele ya watu.

Batuli naye alivaa mbonipicha. Lakini taa ya jicho lako mwenyewe huwezi kuiona. Aliiona ya Saumu tu, na kila ilipowaka kitu kilimchoma kifuani.

Wawili hawa baba zao walikuwa ndugu. Batuli alikuwa mkubwa, na ndiye aliyemfundisha Saumu kazi, enzi za kamera za kushika mkononi. Mwaka ule mji ulitangaza kwamba atakayeleta picha bora za pwani, kuanzia kaskazi mpaka vuli, ndiye atakayekuwa mpigapicha wa mji, na kazi yake itatundikwa kwenye Jumba la Bahari. Cheo hicho kilikuwa cha Batuli. Sasa mwanafunzi wake alikitaka, tena bila haya, huku akimwita dada.

"Dada, umewaona walivyoinama wote pamoja?" Saumu aliuliza.

"Nimewaona. Kwani mimi kipofu?"

Masika ikaingia. Wanawake wa mwani walikuwa wakivuna pamoja na kaa-chuma, zile mashine za miguu minane zinazobeba mizigo ufukweni. Siku moja kaa-chuma mmoja alizama kwenye tope akawa anapiga mateke, na wanawake wakacheka hadi wakaketi majini. Taa ya Saumu iliwaka mfululizo. Saumu alipochuchumaa, Batuli naye alichuchumaa. Saumu alipohamia mwambani, naye akahamia, akiamini kwamba mwenzake ana siri fulani ya mahali pa kusimama.

Nyumbani mama yake alimtazama akila kwa kudokoadokoa. "Wivu ni kidonda, mwanangu. Ukiushiriki utakonda."

"Nimekonda wapi, mama?"

"Kamuulize fundi aliyepunguza hilo gauni."

Kusi ilipovuma, watu walijaa kwenye gati linaloelea kuwangoja nyangumi. Batuli alitangulia mbele ili aione vizuri taa ya Saumu. Ghafla gati zima lilipiga kelele. Kishindo kilifuata, maji yakaruka, na kanga ya Batuli ya rangi ya machungwa ikalowa chapachapa, upande wa mgongoni. Taa ya Saumu haikuzima kwa muda mrefu sana.

Maonyesho yalifanyika mvua za vuli zikidondoka juu ya paa la Jumba la Bahari. Picha zilifunguliwa hewani, kubwa kama kuta. Za Saumu zilitangulia: heroe, wanawake wa mwani, nyangumi akiwa mzima angani. Watu walishangilia.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Batuli alinong'ona. Kisha zikafunguliwa zake.

Kaskazi: shavu la Saumu, likiwa na mng'ao wa waridi. Masika: Saumu akicheka, mvua ikimtiririka puani. Kusi: uso wa Saumu, mdomo wazi, na ndani ya mboni yake nyangumi mdogo kama punje ya mchele. Hapakuwa na picha nyingine. Batuli alitamani sakafu immeze.

Ukumbi mzima ukasimama. "Jamani, anavyompenda mdogo wake!" mwanamke mmoja alisema, akifuta macho. Waamuzi hawakukawia. Pwani ni watu wake, walisema, na hakuna aliyewahi kumtazama mtu namna ile. Cheo kilibaki kwa Batuli.

Saumu alimkumbatia akilia. "Dada, sikujua. Wallahi sikujua unanipenda hivi."

Watu walipotawanyika, Mhandisi Shemweta alimsogelea Batuli, akasema kwa sauti ya chini, "Mashine yangu haitofautishi mapenzi na kijicho, mama. Vyote viwili hupanua mboni."

Batuli aliomba picha za Saumu zifunguliwe tena. Alizipitia moja moja akijitafuta. Mwaka mzima wamesimama bega kwa bega. Angalau mara moja mtoto yule atakuwa amemgeukia. Kwenye heroe hakuwamo. Kwenye mwani hakuwamo. Wivu uliompanda sasa ulikuwa mkali kuliko wa mwaka mzima, maana yeye alitazama mno na hakutazamwa kabisa.

Kwenye picha ya nyangumi aliona mtu pembeni. Sura ilikuwa ukungu mtupu. Aliitambua kanga ya rangi ya machungwa. Mtu yule alikuwa amewaelekea watu waliokuwa wakipiga kelele, na nyuma ya mgongo wake nyangumi mzima alikuwa hewani, maji yakimchuruzika, na yeye hakugeuka.